Jinsi ya kuingiza hoja yako kwenye mkutano mkuu wa kijiji, isiishie kwenye "mengineyo"

Swali hili naulizwa njiani, kisimani, hata msibani: "Mzee, nina jambo nataka lijadiliwe kijijini. Naanzia wapi?" Nimeshalijibu mara nyingi kwa mdomo, leo naliandika.

Nimekuwa mwenyekiti wa kitongoji kwa kipindi kimoja. Kabla ya hapo nilikuwa mwananchi wa nyuma kabisa, wale tunaokaa kwenye mizizi ya mwembe. Hoja yangu ya kwanza ilihusu kivuko cha magogo kilichokuwa kimeoza. Nikaisubiri "mengineyo", kile kipengele cha mwisho cha ajenda, kwa adabu zote. Ilipofika ilikuwa saa nane mchana, kina mama wanakung'uta kanga waondoke, wingu limejikusanya upande wa mlimani. Nikaongea kwa uchungu kama dakika kumi. Mwenyekiti akasema, "Limepokelewa, litafanyiwa kazi." Watu wakapiga makofi, nikarudi nyumbani kifua mbele. Miezi mitatu baadaye muhtasari uliposomwa, maneno yangu yote yalikuwa yamegeuka mstari mmoja: "Mengineyo: Wananchi waliuliza maswali na yalijibiwa." Kivuko chenyewe kilikuwa kimeshaondoka na maji.

Kwa hiyo shabaha yako ni moja: jambo lako liwe ajenda yenye namba yake, na litoke likiwa azimio lililoandikwa. Makofi hayahesabiwi.

Mwongozo huu ni wa vijiji vya Tanzania Bara. Mitaa ya mijini ina vikao vyake, ingawa mbinu nyingi zitakufaa huko pia.

Mambo machache ya kujua kwanza

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Huulizwi kadi ya chama wala kama ulizaliwa hapo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, ndio wenye kauli ya juu katika mambo ya sera ya kijiji, na unatakiwa kukaa walau mara moja kila miezi 3.

Halmashauri ya kijiji, ambayo wengi tunaiita "serikali ya kijiji", ina wajumbe 15 hadi 25 na hukaa kila mwezi. Ajenda za mkutano mkuu hupikwa humo. Mwenyekiti wa kijiji mmemchagua nyinyi. Mtendaji ameajiriwa, naye ndiye katibu. Tofauti hiyo ishike, utaihitaji huko mbele mambo yakikwama.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Daftari na kalamu. Karatasi mbili za barua, si moja. Tarehe ya mkutano ujao, au walau mwezi. Ushahidi unaoshikika: vipimo, tarehe, picha za simu, risiti kama jambo ni la fedha. Na watu watano mpaka kumi wanaoguswa na jambo lenyewe, walio tayari kuandika majina yao. Ukiwakosa hata watano, jiulize vizuri kama hilo ni jambo la kijiji au ni lako wewe na jirani yako.

Hatua kwa hatua

1. Andika hoja yako kwa sentensi moja, na sentensi hiyo iwe ombi.

"Tatizo la njia ya kisimani" si hoja, ni malalamiko. Mkutano utalalamika pamoja na wewe kisha utatawanyika. Hoja ni hii: "Mkutano uamue njia zote za kwenda kisimani zipimwe na kuwekewa alama kabla ya msimu wa kulima." Mtu akiisikia anajua anaulizwa nini, na anaweza kunyoosha mkono kukubali au kukataa.

Huo mfano wa njia nitaendelea nao mpaka mwisho, maana ni jambo nililoliona kwa macho. Kila mwaka jembe lilikuwa linameza nusu hatua ya njia. Njia iliyokuwa ikipitisha mkokoteni wa punda ikabaki ya mtu mmoja mwenye ndoo kichwani, tena apite upande upande.

2. Hakikisha umeshika mlango sahihi.

Hapa ndipo wengi huangukia. Mkutano mkuu si mahakama. Ukisimama ukasema "Fulani kalima njia", umefungua kesi. Fulani atasimama, shemeji yake atasimama, na saa nzima itaisha mkisikiliza babu yake alifika lini kijijini. Mgogoro wa mtu na mtu juu ya ardhi una mahali pake, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao angalau 3 ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha.

Jambo hilo hilo unaweza kuligeuza likawa la wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaiachia halmashauri ya kijiji ipendekeze eneo lipi liwe ardhi ya jumuiya, na mkutano mkuu ndio unaoidhinisha. Kwa hiyo humtaji Fulani hata kidogo. Unaomba njia zote za visimani zitambuliwe kuwa za jumuiya. Zikishatambuliwa na kupimwa, Fulani atajua mwenyewe mpaka uko wapi.

Kwa ufupi: jambo la nyumba kumi mpaka ishirini, malizeni kitongojini. La utekelezaji tu, kwa mfano ofisi haifunguliwi asubuhi, lipeleke kwa mtendaji au kwenye halmashauri ya kijiji. Linalogusa fedha za kijiji, ardhi ya kijiji, michango, sheria ndogo au mradi wa wote, hilo ndilo la mkutano mkuu. Barabara inayopita vijiji vitatu itapaswa kupanda mpaka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, lakini hata hiyo inapata nguvu ikitoka kijijini na azimio.

3. Uliza kama jambo liliwahi kujadiliwa.

Nenda ofisini, mwombe mtendaji akusomee muhtasari wa mikutano miwili mitatu iliyopita. Ukikuta kuna azimio la zamani juu ya jambo lako, umeokota embe chini ya mti. Huna haja ya kuomba ajenda mpya. Kila mkutano una kipengele kinachoitwa "Yatokanayo na muhtasari uliopita", nacho huja mapema, watu wakiwa bado na nguvu za kusikiliza. Ukisimama hapo na kusema "Ndugu mwenyekiti, azimio namba 4 la Machi lilisema hivi, naomba kujua limefikia wapi", kiongozi hana pa kulipeleka. Ni lazima alijibu.

Yatokanayo haipewi heshima inayostahili. Vijana wengi wanadhani ni muda wa kuchezea simu.

4. Pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji chako.

Mwenyekiti wa kitongoji ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwa nafasi yake. Ukimpita kando, siku ya kikao atakaa kimya, au atasema "mimi kwangu halijafika". Ukimshirikisha, jambo lina mtu wa kulisemea ndani ya chumba ambacho wewe huingii. Nenda kwake jioni, kwa heshima, na ile sentensi yako moja. Usiende na kundi. Kundi linamfanya ajione ameshtakiwa.

Akikwambia "hilo subiri kwanza", muulize linasubiri nini. Mara nyingine ana sababu nzuri, mathali mwezi huo watu wana mchango wa darasa na hawataki kusikia kingine.

5. Andika barua, nakala mbili.

Maneno ya mdomo yanasahaulika hata na mtu mwenye nia njema. Barua haihitaji Kiswahili cha redioni. Hii hapa tuliyoitumia sisi, nimeondoa majina tu:

*Mtendaji wa Kijiji,*
*Kijiji cha ………*

*YAH: OMBI LA KUINGIZA AJENDA KWENYE MKUTANO MKUU WA KIJIJI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Sisi wakazi wa kitongoji cha ……… tunaomba ajenda ifuatayo iingizwe kwenye mkutano mkuu ujao: Kupima na kuweka alama kwenye njia zote ziendazo visimani.*

*Sababu: njia ya upande wa mashariki tumeipima kwa kamba, sehemu nyembamba ina mita 1 tu. Mikokoteni haipiti tena.*

*Tunaomba mkutano uamue: (a) njia za visimani ziwe ardhi ya jumuiya, (b) ichaguliwe kamati ya watu 5 ya kupima, (c) kamati ilete taarifa kwenye mkutano mkuu unaofuata.*

*Msemaji wetu ni ………*

*Majina na sahihi: ………*

*Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, Mwenyekiti wa Kitongoji.*

Ukurasa mmoja unatosha. Ukimaliza, peleka zote mbili ofisini. Moja inabaki, ya pili mtendaji aigonge muhuri na kuandika tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukiona aibu kuomba muhuri, sema tu, "Mheshimiwa, wenzangu wataniuliza kama nimefikisha." Ni kweli, watakuuliza.

Ipeleke kabla ya kikao cha halmashauri ya kijiji kinachotangulia mkutano mkuu. Ukiipeleka siku ya mkutano wenyewe asubuhi, umejirudisha kwenye mengineyo kwa mikono yako.

6. Wapashe watu habari.

Tangazo la mkutano litabandikwa kwenye ubao wa ofisi, na mpiga mbiu atapita jioni, au siku hizi litazunguka kwenye kundi la WhatsApp. Lakini watu wako uwafuate wewe. Usiwafundishe cha kusema, wakumbushe saa na mahali tu. Watu kumi wanaosema maneno yale yale wanatoa harufu ya njama, na mwenyekiti mzoefu ataing'amua mapema.

Waendee pia wale watakaoumia na hoja yako. Sisi tulimfuata mzee mmoja ambaye shamba lake lilikuwa limeisogelea njia kuliko mengine yote. Tukanywa naye chai, tukamweleza. Hakufurahi. Ila siku ya mkutano hakushtukizwa, na alichosema ni kwamba kipimo kianzie kwenye mti wa mkuyu badala ya kwenye kichuguu. Tukakubali.

7. Ajenda zinaposomwa, sikiliza kwa makini.

Mara baada ya ufunguzi, mwenyekiti husoma ajenda na kuuliza kama wajumbe wanazikubali. Watu huitikia "Ndiyooo" huku bado wanatafuta kivuli. Wewe usiitikie mpaka usikie yako. Kama haimo, huo ndio wakati wa kusimama, na nakala yenye muhuri mkononi: "Ndugu mwenyekiti, kuna ajenda tuliyoileta kwa barua tarehe fulani. Naomba mkutano uiingize kabla ya mengineyo." Ajenda zikishapitishwa umechelewa.

8. Ongea dakika tatu.

Anza na ombi, kisha sababu mbili, kisha rudia ombi. Usianze na historia ya kijiji. Kipimo chako kionyeshe: sisi tulikuja na ile kamba yenyewe, tukainyoosha mbele ya watu, mama mmoja akajaribu kupita na ndoo kati ya vijana wawili walioishika. Kicheko kile kilimaliza mjadala kuliko hotuba yoyote.

Usitaje chama. Ukikitaja tu, nusu ya mkutano inaacha kusikiliza njia na inaanza kusikiliza rangi ya shati lako.

9. Dai azimio lisomwe.

Ukifanya yote na kuiruka hatua hii, umelima bila kupanda. Mjadala ukipoa, mwenyekiti atataka kupita: "Basi jamani tumeelewana, twende ajenda inayofuata." Simama tena, kwa upole: "Ndugu mwenyekiti, naomba katibu atusomee azimio letu."

Azimio lililokamilika lina mambo matatu: nani atafanya, atafanya nini, mpaka lini. "Njia zitashughulikiwa" halina hata moja. "Kamati ya watu 5 waliotajwa hapa itapima njia 3 za visimani na kuleta taarifa mkutano mkuu ujao" lina yote. Kisha watu wanyooshe mikono na idadi iandikwe. Mtendaji akiwa anaandika polepole, msubirini. Hakuna aliyekufa kwa kusubiri sentensi mbili.

10. Fuatilia kabla halijapoa.

Ndani ya wiki mbili pita ofisini, uombe kuona azimio lilivyoandikwa. Kama limekosewa, sema mapema, ili mkutano ujao muhtasari unapothibitishwa uwe umeshasahihishwa. Andika kwenye daftari lako namba ya ajenda na tarehe ya mkutano. Hizo mbili ndizo ufunguo wako wa Yatokanayo.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kubeba hoja tatu kwa mkupuo. Maji, zahanati na mwalimu mkuu katika pumzi moja: mwenyekiti atajibu ile nyepesi na utakaa chini umeridhika.

Kuleta kiasi cha fedha usichokuwa na uhakika nacho. Ukisema "zimeliwa milioni mbili" na taarifa ya mapato na matumizi ikaonyesha kingine, hoja yote imekufa, na wewe huenda ukaitwa kueleza. Sema "naomba tusomewe matumizi ya mchango wa kivuko, kiasi kilichokusanywa na kilichobaki." Ni swali, na linauma zaidi.

Kudhani sheria ndogo inaanza kazi siku mliyonyoosha mikono. Sheria ndogo ya kijiji ni lazima iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Msianze kutoza faini kesho yake.

Kuiga Bunge. Kijana akishasema "Mwongozo wa mwenyekiti!" mara tatu, wazee hugeuka kuangalia ng'ombe.

Mambo yakikwama

*Mtendaji hataki kupokea barua.* Muulize anashauri ifikishwe vipi, na uandike jibu lake hapo hapo mbele yake, pamoja na tarehe na saa. Wengi hubadilika kalamu inapotoka. Akikataa kabisa, mpe mwenyekiti wa kijiji nakala, na nyingine ipeleke kwa mtendaji wa kata, ambaye ndiye aliye juu yake kikazi.

*Mkutano hauitishwi, miezi sita imepita.* Hapo hoja yako ya kwanza inakuwa mkutano wenyewe. Andikeni barua fupi ya watu wengi mkikumbusha kwamba sheria inataka mkutano kila miezi 3. Ianzie kwa mwenyekiti na mtendaji, nakala kwa mtendaji wa kata. Kimya kikizidi, kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Diwani mjulisheni pia. Hapendi kusikia kijiji chake kimelala.

*Watu wameitwa, akidi (idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali) haijatimia.* Usilazimishe. Uamuzi uliopita bila akidi ni rahisi kupingwa, na atakayeupinga ni yule yule asiyeitaka njia. Ombeni tarehe mpya itajwe hapo hapo, kisha chunguza kwa nini watu hawakuja. Siku ya gulio na wiki ya palizi hazifai mikutano.

*Mwenyekiti anakukatisha kila ukisimama.* Mwachie mwenzako aseme, hasa mtu mzima anayeheshimika. Nimeona bibi mmoja wa kitongoji cha jirani akisimama na fimbo yake akasema, "Mwanangu mwenyekiti, mwache mwenzio amalize, sisi tunasikiliza." Akamaliza.

*Wewe ni binti au mama na unaona hausikilizwi.* Waone mapema wajumbe wanawake wa halmashauri ya kijiji. Sheria inataka wawe angalau robo ya wajumbe wote. Kaeni pamoja mkutanoni, mbele, si pembeni. Anayekaa mbele ni vigumu kumruka.

*Hoja imekataliwa kwa kura.* Sikiliza waliokataa walisema nini. Ya kwetu ilikataliwa mara ya kwanza kwa sababu watu walidhani wapimaji watalipwa kwa mchango. Mkutano uliofuata tukaongeza maneno "kwa kujitolea, bila mchango wowote" na ikapita.

*Imepita, haitekelezwi.* Rudi hatua ya 3. Mkutano ujao, Yatokanayo ikifika, simama na namba ya azimio. Sisi tulisimama mikutano miwili. Mara ya tatu mwenyekiti aliponiona tu nainua mkono akasema, "Kaa chini, mzee, kamati inaenda Jumamosi." Ilienda Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, na kamba ile ile.